Jaribu, Saa Zake na Mlango wa Kutokea

Anayekuja kwa mzee wa kanisa kuomba msaada juu ya jaribu huja karibu kila mara na swali moja: niombe vipi? Amekwisha kufunga, amekesha, ameandika hitaji lake kwenye bahasha ya maombi, na jambo lenyewe limerudi vilevile Ijumaa jioni. Katika huduma ya ushauri tumejifunza kumrudishia maswali ya namna nyingine kabla ya kugusa maombi. Lilikuja saa ngapi? Ulikuwa wapi, simu ilikuwa mkononi au mezani, ulikuwa umekula, ulikuwa umelala vya kutosha? Na la mwisho: nani mwingine anajua? Maswali yale ya kwanza kila mtu huyajibu kwa namna yake. La mwisho karibu wote hulijibu kwa neno moja: hakuna.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Majaribu yanatofautiana sana, ila kinachoyapa nguvu ni kile kile, yaani mtu kukaa nayo peke yake na kujadiliana nayo. Imani ya Kikristo ina mazoea ya zamani sana ya kuvunja mambo hayo mawili. Mazoea hayo yanafanya kazi kwa anayeyatumia kabla ya saa ya jaribu kufika. Anayengoja mpaka mwili uwe umeshawaka huyaona hayana maana.

Yakobo anaeleza hatua zake kwa mpangilio ambao fundi yeyote angeuelewa: "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi" (Yakobo 1:14-15). Kuna kuvutwa, kuna kudanganywa, kuna mimba, kuna kuzaa. Watu wengi huweka nguvu zao zote kwenye hatua ya nne. Kijana anasali chumbani kwa dada ambaye amekwisha kumfuata usiku, mlango umefungwa. Mlevi anamwomba Mungu ampe nguvu akiwa amekwisha kukaa baa na soda mbele yake. Maombi hayo si ya uongo, yamechelewa tu. Hatua ya kuvutwa ndiyo nyepesi kuikata, na kwa kawaida haihitaji machozi wala sauti kubwa. Inataka kubadilisha njia ya kurudi nyumbani.

Ukisoma jaribu la Yesu nyikani katika Mathayo 4, angalia urefu wa majibu. Mara tatu anajibu, na mara tatu jibu ni sentensi moja au mbili, zote kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hachambui pendekezo la Ibilisi wala haelezi kwa nini mkate usingefaa. Mlinganishe na Hawa katika Mwanzo 3, anayeingia kwenye mazungumzo, anafafanua amri, na hata kuiongezea: Mungu alikataza kula, yeye akasema wasiyaguse. Mazungumzo ndiyo yaliyomponza kabla ya tunda. Na tusisahau kwamba Ibilisi naye alikuja na andiko. Alinukuu Zaburi ya 91, ile ile ambayo wengi wetu tumeibandika juu ya mlango. Aya ya Biblia mdomoni mwa mtu si ushahidi kwamba anachopendekeza kinatoka kwa Mungu, na hili litatuhusu tutakapofika kwa wauza mafuta ya upako.

Wakristo wa kwanza waliolifanya jambo hili kuwa kazi ya kila siku ni wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, alikuwa shemasi hodari huko Konstantinopoli alipojikuta amempenda mke wa mtu mwenye cheo. Hakuomba apewe nguvu za kubaki mjini na kushinda. Aliapa kuondoka, akafunga mizigo, akapanda meli kwenda Yerusalemu. Kule akasahau kiapo, akarudia majivuno na mavazi ya mjini, kisha akaugua homa ya miezi ambayo matabibu hawakuiweza. Mwanamke aliyeitwa Melania, kiongozi wa monasteri, ndiye aliyemwambia kwamba ugonjwa ule haumpendezi na kumtaka aseme kilicho moyoni. Akasema yote. Akapona, akaenda Misri, akaishi jangwani mpaka alipofariki mwaka 399.

Evagrius aliyapanga mawazo mabaya katika makundi manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutaka sifa, na kiburi. Orodha hiyo ina manufaa kwa sababu mtu akishajua jina la kinachomjia, hakimtishi tena kama jitu lisilo na sura. Alisema pia kwamba wazo kuja au kutokuja haliko mikononi mwetu. Lililo mikononi mwetu ni kulikaribisha likae. Vijana wengi wanaoamini kwamba wamekwisha kuanguka kwa sababu tu wazo chafu limewapitia wangeokolewa na sentensi hiyo moja. Wakishajiona wameanguka, hujisemea kwamba hakuna tena cha kulinda, na hapo ndipo huanguka kweli.

Kuhusu uchovu wa roho, ule wa kuona kazi haina maana, ndugu hawakupendi, na mahali pengine pangekuwa bora, aliutaja kwa saa: humshambulia mmonaki kuanzia saa nne hivi na kumzingira hadi saa nane. Hesabu yake ya saa ilianza jua linapochomoza, kama yetu, kwa hiyo tunaweza kuichukua ilivyo. Ofisini na dukani ndizo saa ambazo mtu hufungua simu bila sababu. Majaribu yana ratiba, na kazi ya kwanza ya anayetaka kushindana nayo ni kuiandika. Chukua daftari dogo, na kwa wiki mbili andika kila mara jambo linapokujia: siku, saa, mahali, na hali ya mwili. Usiandike maelezo ya jambo lenyewe. Daftari likipotea lisimdhuru mtu, na kuyaandika kwa kirefu ni kuyatafuna upya. Baada ya wiki mbili utaona vipindi viwili au vitatu vinavyojirudia. Kwa wengi ni saa nne usiku kwenda mbele, siku ya mshahara, siku ya ugomvi nyumbani, na safari. Kwa wahubiri kuna kipindi kingine ambacho hawapendi kukisema, Jumapili jioni, baada ya ibada iliyokwenda vizuri. Eliya alitoka Karmeli akiwa mshindi, na haikumchukua siku nyingi kutamani kufa. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena (1 Wafalme 19).

Kwa hiyo njaa na usingizi ni mambo ya kiroho kuliko tunavyokubali. Yesu mwenyewe alijaribiwa kwa mkate baada ya siku 40, si siku ya pili. Anayefunga siku tatu huku akiendelea na kazi ya kubeba mizigo, analala kwa saa nne tu, kisha anashangaa kwa nini amemfokea mkewe na kurudia tabia ya zamani, amejiandalia jaribu mwenyewe. Kufunga kuna faida kwa mtu aliyetulia. Aliye katikati ya vita vya uraibu ni bora ale kwa wakati, alale mapema, na afunge kile kinachomtawala.

Tukae kidogo kwenye kubeti, maana kwa sasa ndilo jambo linaloleta vijana wengi, na wazazi wengi zaidi. Mkeka wa mechi 10, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi 10 ambazo zote lazima zitimie, hata tukichukulia kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, hushinda mara 1 katika 1,024. Anayebeti mkeka mmoja kila siku atashinda, kwa wastani, mara moja katika karibu miaka mitatu. Sasa tazama hesabu ya pili, ambayo ndiyo mtego. Mkeka kuchanika kwa mechi moja tu hutokea mara 10 katika hizo 1,024, yaani mara kumi zaidi ya ushindi. Hivyo kijana anaiona "karibu" mara nyingi kabla hajauona ushindi hata mara moja. Akiwa Mkristo, ataisoma hiyo "karibu" kama ishara: Mungu ananikaribisha, imani yangu imepungua mahali padogo tu. Tumesikia maombi ya mkeka yakiombwa kwa jina la Yesu, kwa machozi ya kweli. Kumwambia tu kwamba kamari ni dhambi hakumtoi hapo, kwa sababu yeye haoni kamari, anaona ahadi inayochelewa. Mwonyeshe hesabu kwa karatasi na kalamu. Mchezo wa kindege wa kubeti kwenye simu (Aviator) ni mbaya zaidi, kwa sababu mzunguko mmoja huisha kwa sekunde na hauachi nafasi ya wazo lolote jema kufika.

Hatua za kumtoa ni za mikono. Akaunti zote zifungwe mbele ya mtu mwingine, si kufuta programu tu, maana programu hurudishwa kwa dakika mbili. Mshahara uingie benki badala ya simu. Saa ya kwanza ya malipo, kabla hajatoka kazini, kodi, ada na chakula viwe vimeshatumwa vinakokwenda, na simu ibaki na nauli ya siku mbili. Kadi ikae kwa mke, au kwa mama, au kwa mzee aliyekubali mzigo huo. Ajiondoe kwenye makundi ya WhatsApp ya kupeana mikeka, hata kama yumo rafiki wa kwaya. Kisha madeni yaandikwe yote kwenye karatasi moja, pamoja na mikopo ya simu na ile ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na mtu mmoja aione karatasi hiyo yote. Hapa ndipo panapokwama. Karibu kila mtu huficha deni moja, na kwa kawaida ni kubwa kuliko yote. Uliza mara ya pili baada ya wiki, bila ukali. Kanisa likiamua kusaidia, lilipe deni moja kwa moja kwa anayedai, lisimpe fedha mkononi. Na muulize waziwazi kama amewahi kufikiri kujiua. Swali hilo halipandi wazo hilo kwa asiyekuwa nalo. Kwa aliyekuwa nalo, ndiyo mara ya kwanza anapata pa kuliweka. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, na kesho aende hospitali akiwa na mtu.

Hatari ya kurudi huwa kubwa pale madeni yanapokaribia kuisha. Fedha imeanza kubaki, watu wamempongeza, na anajisemea amepona. Luka anamaliza habari ya jaribu la nyikani kwa maneno ambayo wahubiri huyaruka: Ibilisi "akamwacha akaenda zake kwa muda" (Luka 4:13). Kadi isirudi mikononi mwake kwa sababu ya pongezi.

Tamaa ya mwili ina sheria fupi zaidi. Yusufu hakumhubiria mke wa Potifa zaidi ya mara moja. Ilipofika siku ya kushikwa nguo, aliiacha nguo akakimbia, na gharama yake ikawa kazi na jela. Anayeshauri asifiche gharama hiyo. Kukimbia kunaweza kumaanisha kuomba uhamisho, kukosa posho ya safari, au kuonekana una kiburi. Mambo madogo husaidia sana. Simu ichajiwe sebuleni, si kitandani. Mazungumzo ya "umelala?" baada ya saa nne usiku yasijibiwe mpaka asubuhi, kwani asubuhi yenyewe huyaua mengi. Dereva au mfanyabiashara anayelala gesti ampigie mkewe akifika na tena kabla ya kuzima taa, na asafiri na mwenzake inapowezekana. Daudi alikuwa nyumbani wakati wafalme wanakwenda vitani, ameamka kitandani jioni, anatembea juu ya dari (2 Samweli 11). Hapakuwa na pepo la ajabu katika habari ile. Palikuwa na mtu asiye na kazi, mwenye madaraka ya kutuma watu, na asiye na wa kumuuliza swali, mpaka Nathani alipotumwa kwake.

Hilo linatuleta kwenye yale watu wanayoyaita hatari za kiroho hasa: kukabwa usiku, mapepo, uchawi, chuma ulete (uchawi unaosemwa kuchota fedha za watu). Mkristo hapaswi kuyacheka, maana Agano Jipya haliyacheki. Lakini tumeona madhara mengi zaidi kutokana na kuita kila kitu pepo, kuliko kutokana na kuuliza maswali mawili zaidi.

Kukabwa na jinamizi, kwa mfano. Mtu anaamka, anaona chumba, hawezi kuinua mkono wala kutoa sauti, anahisi uzito kifuani na kiumbe pembeni. Mara nyingi hilo ni akili kuamka kabla ya mwili. Wakati wa ndoto misuli huzimwa ili tusitende tunayoyaota, na safari hii imechelewa kuwashwa. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache, huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Sasa fikiria anayepelekwa kwenye mkesha kila Ijumaa, na maombi ya saa tisa usiku siku nyingine tatu, ili kuliondoa. Usingizi unapungua, jinamizi linaongezeka, na maombi yanaongezwa tena. Ushauri unaosaidia ni kulala ubavu, kulala na kuamka saa zile zile kwa wiki tatu, na wakati wa tukio lenyewe kulitaja jina la Bwana kimoyomoyo huku akijaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu. Hofu ikishuka, na tukio hupungua.

Pombe inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiokoka Jumapili na kuacha ghafla, anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku ya kwanza, kupata degedege ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne kuchanganyikiwa na kuona wadudu au watu wasiokuwapo. Wapo waliofungwa kamba na kukemewa usiku kucha wakiwa katika hali hiyo, na hali hiyo huua. Apelekwe hospitali, na waombaji wamfuate huko. Vivyo hivyo, anayetumia dawa za kifafa, kisukari, kifua kikuu au ARV asiziache kwa neno la mtu yeyote anayesema amemponya. Kama amepona kweli, kipimo kitasema hivyo.

Kuhusu waganga, wengi hawaendi kwa kupenda uchawi. Wanakwenda kwa sababu mtoto amelazwa mara ya tatu, au duka limekufa, au mume ameondoka, na shangazi amesema anamjua mzee mmoja. Malipo ya kwanza huwa madogo. Baada ya hapo hutajwa adui, na adui huyo karibu daima ni wa ukoo: mama mkwe, mke mwenza, jirani mwenye ng'ombe wengi. Fedha iliyopotea inaweza kurudi, lakini undugu uliovunjwa kwa neno hilo haurudi kirahisi. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha yeyote anayejiita mtumishi wa Mungu ni hiki: je, anamtaja ndugu yako kuwa mchawi? Kama anamtaja, ondoka, hata kama amevaa kola. Kipimo cha pili ni fedha kabla ya maombi, iwe kwa jina la mbegu, mafuta ya upako au maji. "Mmepata bure, toeni bure" iko katika Mathayo 10:8, na Elisha alikataa zawadi za Naamani mbele ya watu, kisha Gehazi aliyezikimbilia kwa siri akapata ukoma. Kipimo cha tatu ni kutakiwa usimwambie mwenzi wako wala mchungaji wako.

Anayeamua kutoka huko ana mfano wa Efeso, ambako waliofanya uganga walileta vitabu vyao na kuviteketeza mbele ya wote, thamani yake fedha 50,000 (Matendo 19:19). Angalia kwamba walileta vyao wenyewe. Hirizi ya bibi si yako ya kuchoma. Vya kwako vichomwe nje, mahali penye hewa, bila kusogelea moshi, kwa sababu hakuna anayejua ndani ya ile poda kumetiwa nini; na ikiwa ni chupa ya kitu usichokijua, usiitie motoni, ifukie mbali na kisima. Pasiwepo kamera. Kinachokosewa zaidi ni siku zinazofuata. Ndani ya mwezi huo kuku atakufa, au mtoto atapata homa, kama ilivyokuwa kila mwezi kabla, na mtu atasema ndiyo adhabu. Mwambie mapema kwamba hilo litatokea, na mpange atakayekuja kukaa naye siku hiyo. Yesu alisema nyumba iliyofagiwa ikiachwa tupu humrudisha pepo aliyetoka akiwa na wengine saba (Mathayo 12:43-45). Kuijaza ni kumpa mtu huyo nafasi kwenye jumuiya ya jirani, kazi katika kanisa, na watu wanaopita kwake katikati ya wiki bila kuitwa.

Sasa tufike kwenye kumwambia mtu, jambo ambalo bila hilo haya yote hayashiki. Afrika Mashariki ina shule yake ya jambo hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waimbaji wa Tukutendereza, wimbo wa uamsho huo, hawakuwa na mitambo wala nabii mmoja wa kutazamwa. Walikuwa na vikundi vidogo vya kila wiki ambamo mtu alisema alipoanguka, kwa jina la dhambi yenyewe, kisha akarudisha alichoiba na kulipa alichodaiwa. Waliita kutembea nuruni, kwa neno la 1 Yohana 1:7. Ng'ombe wakarudishwa, na madeni ya zamani yakalipwa na watu waliokuwa wamesahauliwa na wadai wao.

Chombo hicho kina makali pande zote mbili, na wanaokitumia leo wanahitaji mipaka. Ungamo la jambo la ndani lisifanyike mbele ya kusanyiko lote. Mke asisikie mara ya kwanza kwenye kipaza sauti. Lifanyike kwa mtu mmoja au wawili, wa jinsia moja na anayeungama, waliokomaa na wenye sifa ya kutunza neno. Aseme dhambi, asitoe masimulizi yake. Asimtaje mwenzake aliyehusika bila lazima. Pasirekodiwe kitu. Mkatoliki ana kitubio na padri aliyefungwa na siri ya sakramenti. Asione kwamba anachokosa ni kikundi chenye kelele. Jambo moja tu halina siri kwa mzee wa kanisa: mtoto anayeumizwa au kudhulumiwa. Hilo hupelekwa kwa mamlaka, na Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaufanya kuwa wajibu wa kila mwanajamii mwenye habari hiyo. Msamaha wa Mungu hauondoi polisi.

Mpango wa kuwasiliana uwe rahisi kiasi cha kutumika usiku. Tunapendekeza neno moja ambalo wawili wamekubaliana, mfano "nipigie", litumwe mara tu wazo linapoanza kukaa, kabla ya kuvaa viatu. Anayepokea hapigi ili kuhubiri. Anauliza uko wapi, anamwambia atoke hapo aende penye watu, anasoma aya moja waliyoichagua pamoja, anaomba kwa dakika moja, anapiga tena baada ya dakika 20. Wimbi la tamaa likikosa kulishwa hushuka, na kwa wengi huwa limepungua sana kabla ya nusu saa kuisha. Aya yenyewe iwe imeshikwa kwa kichwa na iwe inahusu jambo lenyewe. Mwenye hasira asibebe aya ya uzinzi. Aya tatu au nne zinatosha mtu mmoja kwa mwaka.

Na akianguka? Petro na Yuda wote wawili walijuta, mmoja usiku ule na mwingine asubuhi yake. Yuda aliungama pia, tena waziwazi: alirudisha vipande 30 na kusema amekosa. Lakini aliungama kwa makuhani ambao walimjibu kwamba hilo ni shauri lake mwenyewe, akatoka akajinyonga. Petro alilia, kisha siku ya tatu anakutwa bado yuko pamoja na wenzake. Kwa hiyo saa 24 za kwanza baada ya anguko ndizo za kuzilinda kuliko zote, na wa kuambiwa achaguliwe kabla ya siku hiyo. Siku hiyo hiyo mtu aseme, ale, alale, na asipewe adhabu ya kufunga. Siku ya tatu wakae chini na daftari waone ni mlango gani ulibaki wazi. Kwa kawaida ni kitu kidogo, namba isiyofutwa, akaunti moja iliyosahaulika kwa makusudi. Kisha wakutane kila wiki kwa miezi mitatu, nusu saa, siku na saa zile zile, hata wiki ambazo hakuna la kusema. Anayesikiliza asichukue zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja, na naye awe na wake wa kumwambia, kwa sababu wasikilizaji huanguka katika yale yale wanayoyasikia, hasa wakirudi nyumbani usiku wakiwa wamechoka.